Gigabaiti 300 kwa Dakika Mbili

Gigabaiti 300 zilihamishwa kwa dakika mbili kutoka diski ya zamani ya kompyuta kwenda SSD, diski mpya isiyozunguka, na steshenari nzima ya mjomba ikampigia fundi makofi. "SSD hizi ni balaa!" akasema, huku akikunja waya.

Mimi makofi yalinishinda. Diski ya zamani ya kuzunguka husoma kama megabaiti 100 kwa sekunde ikijitahidi. Gigabaiti 300 ni karibu saa nzima. Nikamuuliza fundi, kwa adabu, amenakili kutoka wapi kwenda wapi.

"Kutoka hii kwenda hii," akajibu, akaonyesha nyaya mbili zinazofanana.

Diski zote zilikuwa za gigabaiti 500, na kwenye skrini zote zilisomeka 465.8G: moja sda, nyingine sdb. Herufi hizo hufuata mpangilio ambao mfumo umezigundua diski. Hazijui ipi ina mali za watu. SSD alikuwa ameshaiformati "iwe safi", na Clonezilla, programu aliyotumia kunakili diski, hunakili sehemu zenye data tu. Alikuwa amegeuza chanzo na lengo, na chanzo kikiwa tupu, kazi inaisha upesi. Programu ilimwonya mara mbili kwamba diski lengwa itafutwa. Mara zote mbili akabonyeza y.

"Kwa hiyo sasa nina diski mbili tupu?" mjomba akauliza.

"Zinafanana kabisa, mzee," fundi akasema, bado ana fahari na kazi yake.

Kilichotakiwa ni amri moja ya Linux inayoorodhesha diski, lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL, kisha kulinganisha namba ya SERIAL na ile iliyobandikwa kwenye diski yenyewe. Adapta za bei rahisi za kuunganishia diski wakati mwingine huonyesha namba yao badala ya ya diski. Hapo tumia lsblk -f uone ipi ina vizigeu, yaani sehemu za diski, vya Windows. Ukishaijua ya zamani, ifunge isiandikwe kwa blockdev --setro. Kazi ikiisha, zima na uchomoe ya zamani kabla ya kuwasha, maana Windows ikiona mapacha wenye kitambulisho kimoja huweza kumzima mmoja wao.

Fundi akataka kuingiza Windows upya kwenye diski ya zamani "ili vitu virudi". Nikamnyang'anya bisibisi. Kila kinachoandikwa pale kinakalia faili la mtu. Bahati ya mjomba ni kwamba iliyofutwa ilikuwa ya kuzunguka. Ingekuwa SSD, TRIM, amri inayoiambia SSD ifute nafasi zisizotumika, ingeweza kuwa imeshafagia kila kitu.

Nikaleta diski ya tatu, ya terabaiti moja, nikainakili ile ya zamani nzima kwa ddrescue, programu ya kuokoa data, pamoja na faili lake la kumbukumbu, nikafanyia kazi nakala hiyo. TestDisk, programu ya kutafuta vizigeu vilivyopotea, ikaona mipaka ya kizigeu, lakini mwanzo wa orodha ya mafaili ulikuwa umefunikwa na maandishi mapya. Ikabaki PhotoRec, ambayo hutambua faili kwa maumbile yake. Majina haiyajui. Kazi za wateja zikarudi kwa maelfu, zimepangwa kwenye folda za recup_dir, zikiitwa f na msururu wa tarakimu.

Akaja mama mmoja kuchukua kadi zake za mchango wa harusi. Mjomba akafungua faili la kwanza: ratiba ya mazishi. La pili: CV ya dereva. La tatu: ratiba ileile ya mazishi, imesahihishwa.

"Marehemu ni nani?" mama akauliza, akavuta kiti.