Kongwa haikuwa sanamu

Ukombozi wa Kusini mwa Afrika ukitajwa, Watanzania tunavimba kifua. Tuna haki ya kuvimba. Lakini nikisikia Kongwa, kambi yetu ya wapigania uhuru, inavyosimuliwa kwenye hotuba, naona imebaki jina tu: Samora wa Msumbiji alikuwa hapa, Chris Hani wa Afrika Kusini alikuwa hapa, makofi, twende kwenye chakula.

Kwa asiyejua, Kongwa ipo Dodoma. Ukitoka Morogoro unapita Kibaigwa kwenye soko la mahindi, ukifika Mbande unaiacha barabara kuu na kushika njia ya Mpwapwa. Ni nchi ya Wagogo: ng'ombe, uwele, vumbi, na mibuyu minene iliyojisimamia kila mahali.

Mibuyu hiyo ndiyo iliyomshinda Mwingereza. Mwaka 1947 serikali yake ilikuja hapa kulima karanga ili ipate mafuta ya kula baada ya vita. Walileta hadi vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta. Mbuyu mmoja uliweza kuwashughulisha siku nzima, nyuki waliomo ndani wakawatimua wafanyakazi, na kiangazi udongo ukakauka kama saruji ukala majembe. Mpaka mwanzoni mwa 1951, pauni zaidi ya milioni 35 zilikuwa zimeteketea na mradi ukafutwa. Yakabaki majengo, barabara na stesheni ya reli isiyo na treni.

Vifaru viligeuzwa matrekta, kisha shamba likageuzwa kambi ya jeshi. Sijui kama kuna wilaya nyingine yenye historia ya kichekesho namna hii.

Mwaka kambi ilipoanza ni 1964, na hapa ndipo napenda tukae kidogo. Januari 20 askari wetu wenyewe waliasi pale Colito, leo Lugalo. Mwalimu akalazimika kuwaita Waingereza waje kuwanyang'anya silaha, aibu ambayo naamini ilimuuma sana. Jeshi likavunjwa, na JWTZ ikazaliwa Septemba 1. Sasa fikiria: nchi ambayo ndiyo kwanza imetikiswa na bunduki za watu wake, mwaka huohuo inafungua mlango kwa vijana wa nchi nyingine waje kufundishwa vita. Washauri waoga wangemwambia asubiri. Hakusubiri. Kwangu mimi huo ndio ushujaa wa Kongwa, kuliko picha yoyote ya mtu kashika bunduki.

Wakaanza FRELIMO wa Msumbiji, wakiongozwa kwenye mafunzo na Samora Machel aliyekuwa ametoka kufundishwa Algeria. Septemba 25, 1964 vita vyao vikaanza Msumbiji. Wakaja SWAPO wa Namibia, ANC wa Afrika Kusini na ZAPU wa Zimbabwe, kila chama na eneo lake, wote wakiwa chini ya mwenyeji mmoja na Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyokaa Dar es Salaam. Baadaye FRELIMO wakahamishia nguvu Nachingwea, karibu zaidi na mpaka. Nako kulikuwa shamba la karanga, tena lililoshindwa vilevile!

Kwa wengine, Kongwa ilikuwa kusubiri. Msumbiji ipo ng'ambo ya Ruvuma. Afrika Kusini iko wapi? Kijana wa ANC aliyefundishwa Urusi alirudi kukaa Kongwa, akakimbia mchakamchaka asubuhi, akapanga foleni ya chakula, akasubiri amri. Mwezi, mwaka. Hadi Agosti 1967, wapiganaji wa ANC na ZAPU walipovuka mto Zambezi kuingia Rhodesia, leo Zimbabwe. Katikati ya subira hiyo watu waligombana, wengine wakatoroka, na wapo wa SWAPO waliowahoji viongozi wao wakaishia mahabusu kwetu. Hilo nalo ni la kambi. Kulificha ni kuwafanya wale vijana wawe mawe, na hawakuwa mawe.

Ndiyo maana walijifunza Kiswahili, wakapenda, wakazaa. Wakati wa kuondoka ulipofika, waliondoka bila kuaga, kama askari wanavyoondoka. Nilipopita Mbande nilimwamkia bibi mmoja muuza ubuyu, nikamuuliza kuhusu kambi. Yeye hakutaja chama wala kiongozi hata mmoja. Aliwaita "wageni wetu", akasema walipenda mpira, kisha akanigeuzia swali: "Mjukuu wangu, kwani walifika kwao?"

Mradi wa Hashim Mbita, wenye jina la aliyekuwa katibu mtendaji wa Kamati ya Ukombozi, umeshaandika majuzuu tisa kuhusu ukombozi, kazi kubwa kweli. Lakini aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1964 leo amepita 80. Kabla ya mnara mwingine na utepe wa kukatwa, naomba mtu apewe kinasa sauti na nauli ya Kongwa, akae mwezi mzima, asikilize kwa Kiswahili na kwa Kigogo. Aanze na akina mama waliobaki na watoto. Na akifika Mbande anunue ubuyu kwa yule bibi, ampe na jibu: wapo waliofika, na wapo waliozikwa hapohapo Kongwa.