Mbwa Anatusoma Kuliko Tunavyomsoma

Nyumbani kwetu Nzuguni, Dodoma, kuna kanga mbili ambazo mke wangu huzitundika kwenye msumari mmoja nyuma ya mlango wa jikoni. Moja ni ya kwendea dukani na gengeni, nyingine ni ya misibani. Anapochukua ile ya kwanza, mbwa wetu Tomi huinuka chini ya mwarobaini, akajinyoosha na kutangulia getini, kwa kuwa anajua safari hiyo ni fupi na ataruhusiwa kusindikiza. Anapochukua ile ya pili, Tomi huinua kichwa tu, akamtazama, kisha akakilaza tena juu ya miguu yake ya mbele. Hakuna aliyemfundisha tofauti hiyo. Mimi mwenyewe, niliyeishi na mke huyo miaka kumi na minne, sikuwa nimeigundua mpaka nilipoanza kumwangalia mbwa.

Bwana mifugo naye huja mara moja tu kwa mwaka kumchanja Tomi dhidi ya kichaa cha mbwa, na mara ya kwanza ilitosha. Sasa pikipiki yake ikikata kona tu, mbwa amekwisha kujipenyeza nyuma ya banda la kuku, wakati bodaboda kadhaa zinazopita hapo tangu asubuhi hazimwinui hata sikio.

Ukimuuliza mkazi wa Dodoma kwa nini anafuga mbwa, jibu litakuwa ulinzi, na si jibu baya, maana mitaa yetu mingi mipya imeota haraka tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa, na nyumba nyingi hukaliwa kabla ya ukuta kumalizika. Wale wachache wanaozungumzia akili ya mbwa huipima kwa amri: akiambiwa kaa, anakaa, akiambiwa toa mkono, anatoa. Kwa kipimo hicho mbwa wa kizungu aliyenunuliwa kwa fedha nyingi huonekana msomi, na mbwa wetu wa kienyeji, aliyekua kwa ugali na dagaa, huonekana mjinga. Naona tunatazama mahali pasipostahili. Akili kubwa ya mbwa imo katika kutusoma sisi: macho yetu, mikono yetu, hatua zetu, sauti zetu na ratiba zetu, na akili hiyo mbwa wa kienyeji anayo tele.

Chukua jambo dogo la kuonyesha kwa kidole. Mwaka 2002 mtafiti Brian Hare na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio ambayo kwangu yana uzito kuliko mashindano yote ya mbwa. Chakula kilifichwa ndani ya chombo kimoja kati ya viwili, kisha mtu akaashiria chombo chenye chakula kwa kukitazama, kukinyooshea kidole au kukigusa. Mbwa walielewa. Watoto wa mbwa, hata wale ambao hawakuwa wamekaa sana na watu, walielewa pia. Sokwe walipata shida. Sisi Watanzania tunapaswa kulitafakari hilo zaidi ya wengine, kwa sababu ni hapa kwetu, Gombe, ambako Jane Goodall alianza kazi yake ya kuwachunguza sokwe mwaka 1960 na kuona sokwe akichokonoa mchwa kwa kijiti alichokiandaa mwenyewe. Mnyama anayeweza kujitengenezea chombo cha kazi anashindwa kufuata kidole cha mtu, lakini mbwa anayezunguka kwenye majalala ya Majengo anakifuata. Kwangu mimi Tomi hahitaji hata kidole. Nikielekeza kidevu upande wa kuku walioingia kwenye bustani ya mchicha, anakwenda kuwatoa, na akifika katikati ya njia hugeuka kunitazama kana kwamba anataka kuhakikisha kuwa tumeelewana.

Huko kugeuka na kutazama ndiko kulikonifanya niandike makala hii. Mtaani kwetu maji ya bomba huja kwa mgao, hivyo tunahifadhi maji kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko mzito. Mwezi wa kumi, joto likiwa kali na upepo ukiwa umejaa vumbi, bakuli la Tomi lilikauka bila mtu yeyote kugundua. Nilikuwa nimekaa barazani nikisoma. Alikwenda kwenye pipa, akanusa ukingo wa mfuniko, akausukuma mara moja kwa pua, akaacha. Kisha alikaa, akanitazama. Nilipoendelea kusoma, alitazama pipa, akanitazama tena, akatazama pipa. Alirudia hivyo, kimya, bila kubweka hata mara moja, mpaka nikainuka.

Watafiti wa Budapest, Ádám Miklósi na wenzake, walieleza jambo hilohilo mwaka 2003. Waliwapa mbwa, na mbwamwitu waliolelewa mikononi mwa watu tangu utotoni, kazi ya kujipatia nyama, kisha wakaifanya kazi hiyo isiwezekane. Mbwamwitu waliendelea kuhangaika na chombo. Mbwa walijaribu kidogo, wakageuka na kumtazama mtu usoni. Wapo watakaosema kwamba mbwamwitu ndiye mwenye akili kwa kuwa anajitegemea, nami sikubaliani nao. Kujua kwamba jambo limenishinda, kumjua anayeliweza, na kujua namna ya kumweleza bila kuwa na lugha yake, hayo ni maarifa ambayo hata katika ofisi zetu si kila mtu anayo.

Nilipomsimulia habari hiyo jirani yangu, mzee Mwislamu ambaye mbwa wake huishia uani na hakanyagi ndani, alinikumbusha hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani kwa kiu, akanywa, na alipotoka akamkuta mbwa akihema na kulamba udongo. Akashuka tena, akajaza kiatu chake maji, akampa, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Mzee aliongeza kwamba yule mtu naye alimsoma mbwa kwa kujikumbuka mwenyewe alivyokuwa dakika chache nyuma. Sijasikia maelezo bora kuliko hayo.

Najua pingamizi linalotolewa hapa. Huko Berlin, mwanzoni mwa karne iliyopita, mwalimu wa hisabati Wilhelm von Osten alikuwa na farasi aliyejibu maswali ya hesabu kwa kugonga ukwato, mpaka mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst alipoonyesha kwamba farasi hakuwa akihesabu chochote. Alikuwa akitazama mwili wa muulizaji, ambao bila mwenyewe kujua ulilegea pale idadi sahihi ilipofikiwa. Tangu hapo kisa hicho husimuliwa kama onyo, na watu humaliza kwa kusema kwamba mnyama yule hakuwa na akili yoyote. Onyo ni la haki, lakini tamko hilo la mwisho si la haki. Mnyama anayeona badiliko dogo la shingo ambalo umati mzima wa watu wazima haukuliona ana akili kubwa sana, ila si ile tuliyokuwa tukiitafuta. Yupo pia Chaser, mbwa wa kuchunga kondoo wa huko Marekani, ambaye John Pilley alimfundisha majina ya vitu 1,022, kama ilivyochapishwa mwaka 2011. Namheshimu Chaser. Hata hivyo, nadhani watu humstaajabia kwa sababu alitufuata kwenye uwanja wetu wa maneno, ilhali mbwa wengi hufanya makubwa zaidi katika uwanja wao na hakuna anayewahesabia.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Mwaka jana, asubuhi moja, nilikuta mayai matano yamevunjwa bandani. Tomi alikuwa karibu na mlango wa banda. Niliposogea alijikunja, akaweka mkia katikati ya miguu, masikio yakalala, macho akayapeleka pembeni. Nikasema moyoni: huyu anajua alichofanya. Nikamchapa kwa fagio la chelewa nililokuwa nalo mkononi. Kesho yake jioni, mwanangu alimwona nguchiro akitoka chini ya banda hilohilo, na tukakuta tundu alilochimba upande wa nyuma.

Ile sura ya hatia niliyoiona ilikuwa ya nani? Mwaka 2009 Alexandra Horowitz wa New York alichapisha utafiti uliofanywa kwa mbwa 14 na wenye nao. Mwenye mbwa alimkataza mbwa kula kipande cha chakula, akatoka nje. Aliporudi, wakati mwingine aliambiwa ukweli kuhusu kilichotokea na wakati mwingine aliambiwa uongo. Sura ya hatia haikufuata kosa. Ilifuata karipio, na ilionekana kwa nguvu zaidi kwa mbwa ambao hawakula chochote lakini wakakaripiwa. Tomi, basi, hakuwa akikiri. Alikuwa amenisoma tangu nilipokunja uso mbele ya mayai, kabla sijasema neno, naye akaniomba amani kwa njia pekee anayoijua. Mimi nikaligeuza ombi lake kuwa ushahidi dhidi yake. Najua kwamba adhabu za namna hiyo hutolewa kila siku katika nyua nyingi za mji huu, na kila anayezitoa husema sentensi ileile: mwangalie, anajua kosa lake.

Ndiyo maana pia naumia nionapo mbwa aliyefungwa mnyororo wa mita mbili nyuma ya nyumba tangu alfajiri hadi usiku, akitazama ukuta wa tofali. Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Walijua kwamba mbwa hujifunza kutoka kwa anayemfuata. Huyu wa mnyororo hana anayemfuata. Kipaji chake chote ni cha kusoma watu, nasi tumemweka mahali ambapo hakuna mtu wa kusoma, kisha tunalalamika kwamba amekuwa mkorofi na hatofautishi mgeni na mwizi. Kama ni lazima afungwe mchana kwa ajili ya usalama wa wapita njia, afungwe anapoweza kuona mlango wa jikoni na watu wanaoingia na kutoka, na jioni afunguliwe atembee na mtu.

Baada ya siku ile ya mayai, Tomi aliondoka uani kila niliposhika fagio la chelewa. Mke wangu alipolishika, alibaki amelala na kufagiliwa pembeni yake. Fagio lilikuwa lilelile, ila mkono haukuwa uleule. Kwa hiyo nilianza kufagia uwanja mwenyewe kila Jumamosi asubuhi, taratibu, bila kumwita wala kumtazama. Jumamosi za kwanza alitoka mpaka nje ya geti. Baadaye alisimama getini. Kisha alikuwa akikaa kwenye kivuli cha mwarobaini huku amenikazia macho, tayari kuondoka. Ilichukua zaidi ya miezi miwili. Jumamosi iliyopita nilifagia majani yote ya mwarobaini kuanzia barazani mpaka mahali alipolala, naye hakuinuka. Fagio lilipokaribia, alifungua jicho moja, akausogeza mkia kidogo kunipisha, akalifumba tena.