Virusi Vilivyoua Hata Chupa Visimotiwa

Kwa miezi mingi nililea seli za figo ya tumbili. Hizo hutaka nyuzi 37, joto la mwili wetu, na kabonidioksidi kidogo. Mkono ukazoea: ukimaliza kazi, fungua inkubeta kubwa, lile kabati la kulelea seli kwenye joto lake, panga chupa, funga, nenda zako.

Kisha nikakabidhiwa seli za samaki. Zinaitwa RTG-2, ukoo uliotokana na viungo vya uzazi vya trauti, nao unazaana maabarani tangu miaka ya 1960. Trauti ni samaki wa maji baridi, na seli zake zina tabia hiyo hiyo. Zikue kwenye nyuzi 20, ukishatia virusi uzishushe hadi 15. Gesi hazina haja nayo. Haya yote niliambiwa. Niliyaandika hata kwenye daftari, nikayapigia mstari, mistari miwili.

Ijumaa jioni nikatia virusi chupa 4, na 2 nikaziacha safi za kulinganishia. Kwenye hadubini seli zilipendeza: zimelala chini ya chupa, zimebanana kama mkeka. Nikaenda kulala na furaha ya mlezi.

Jumamosi saa 2 asubuhi, mkeka haupo! Seli zimejikunja kuwa duara, zimebanduka, zinaelea. Ndivyo hasa virusi hufanya, ila huchukua siku kadhaa. Mimi vyangu vimemaliza kazi usiku mmoja. Moyo ukanienda mbio. Nikaanza kuwaza nitavaa nini siku ya kupewa tuzo. Nikampigia simu mkuu wangu.

"Daktari, samahani kwa kukuamsha. Tumepata virusi vikali ajabu. Seli zote zimekufa."

"Zote?"

"Zote, Daktari. Chupa 6!"

"Si ulitia virusi 4?"

"Ndiyo maana nasema ni vikali. Vimeua hata kule visikotiwa."

Akanyamaza. Nikadhani anatafakari ugunduzi.

"Kijana, hizo chupa umezitoa inkubeta gani?"

Nikageuka. Ile ndogo ya baridi ilikuwa inanguruma peke yake, tupu kabisa. Kubwa ilikuwa inawaka namba nyekundu: 37.0.

"Daktari," nikasema, "mtandao unasumbua."

"Mtandao uko sawa. Umewapika."

Nilichokuwa nataka kukitangazia dunia hakikuwa ugonjwa hata kidogo. Virusi vile havizaani kwenye joto hilo. Navyo vilikuwa humo chunguni pamoja na wenyeji wao. Bahati nzuri akiba ya seli ilikuwepo kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, mahali pekee ambapo mkono wangu haujazoea kufika.

Jumatatu nilikuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa inkubeta kubwa: "SUPU YA SAMAKI. MUONE MPISHI." Chini yake mshale, umeelekezwa kwenye meza yangu. Mwandiko niliutambua. Ni wa Daktari.