Katibu Asiyejua Kutoka

Mimi ni katibu wa kikundi cha kufa na kuzikana cha mtaa wetu hapa Tabata, kazi isiyo na mshahara wala posho, na ambayo malipo yake pekee ni kuulizwa "Katibu, umeandika?" kila mjumbe anapokohoa. Katiba ya kikundi naitunza kwenye kompyuta mpakato ambayo betri yake ilikufa zamani, kwa hiyo inaishi kwa waya kama mgonjwa wa dripu. Humo ndani kulikuwa na faili la katiba, la katiba_mwisho, la katiba_mwisho_kabisa, na la katiba_mwisho_kabisa_USIGUSE, ambalo kila mtu aliligusa. Ikafika siku msibani mwenyekiti akasoma toleo moja na mhazini akasoma jingine, mchango wa rambirambi ukawa shilingi 5,000 kwa waliokaa upande wa kulia wa turubai na shilingi 10,000 kwa waliokaa upande wa kushoto. Watu walianza kuhama viti kabla hata maiti haijatoka ndani.

Binti yangu, anayesoma mambo ya kompyuta chuoni, alikuwa likizo. Nilitegemea anionee huruma; badala yake aliniambia, "Baba, wewe unahitaji Git." Jirani yangu aliyekuwa akisikiliza juu ya ukuta alisema kuwa hata yeye amekuwa akinishauri siku nyingi niweke geti.

Git, kama nilivyoelezwa, ni programu ya kutunza matoleo: kila unapobadilisha kitu, inaandika ni nani amebadilisha, lini, na kwa nini, na haisahau. Aliitengeneza Linus Torvalds mwaka 2005, yeye yule aliyeanzisha Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na jina la Git lenyewe katika Kiingereza cha mitaani huko Uingereza ni tusi la kumwita mtu asiyefaa. Mwenyewe alitania kwamba programu zake zote huzipa jina lake. Mimi ningesema tusi lile linamhusu mtumiaji, ila sikuulizwa.

Kabla ya Git ilinibidi kwanza nijifunze dirisha jeusi, ambalo binti huliita terminali. Halina picha wala kitufe, lina alama ya dola tu inayokukodolea macho, na nilipoiona niliuliza kama huduma hii inalipiwa kwa fedha za kigeni. Unaandika amri, unabonyeza, unasubiri. Ukikosea, inakukaripia papo hapo. Ukipatia, haisemi kitu, mithili ya baba mkwe anayemaliza sahani nzima ya wali wako, ananawa, kisha anaaga bila kukuambia kama ulikuwa na chumvi.

Tena amri zenyewe zimekatwa mikia: "ls" ya kuorodhesha, "cd" ya kuhamia folda nyingine, "rm" ya kufuta, ambayo hufuta kweli kweli bila kupitia kwenye pipa la taka. Binti alinieleza kwamba Ken Thompson na Dennis Ritchie, walipoanza kutengeneza Unix, mfumo wa kompyuta zilikotoka amri hizi, huko kwenye maabara za Bell Labs, Marekani, mwaka 1969, walikuwa wakichapa kwenye mashine zilizopiga herufi kama kumi tu kwa sekunde, juu ya karatasi, kwa hiyo kila herufi iliyopunguzwa ilikuwa nafuu. Hapo walau nilielewa, kwa sababu sisi wa enzi ya simu za maandishi za posta tulihesabiwa kila neno, na ndugu zangu walizoea kutuma MAMA MGONJWA NJOO bila kutaja ni mama wa nani. Lakini posta waliacha. Hawa hawajaacha.

Siku ya kwanza niliagizwa nihamie kwenye folda ya kikundi, nami nikaandika kwa utiifu "cd Kufa na Kuzikana". Mashine ikanijibu kwa Kiingereza kwamba kuna hoja nyingi mno. Mama watoto, aliyekuwa akipita na beseni la nguo, alisema hata mashine imenijua, na mimi wakati huo nilikuwa sijatoa hoja hata moja tangu asubuhi. Kumbe dirisha jeusi halivumilii nafasi katikati ya jina: kwake "Kufa", "na", na "Kuzikana" ni vitu vitatu tofauti, na ukitaka viwe kitu kimoja ni lazima uvifunge kwa alama za kunukuu.

Tulipokuja kuiweka Git yenyewe, nikadaiwa nywila, nikaandika, pasionekane herufi wala nyota. Nikabonyeza kwa nguvu zaidi. Nikaigeuza kompyuta juu chini na kuipiga kwa kiganja, yakadondoka makombo ya maandazi ya mwaka jana, na binti akaniambia kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, "Baba, inaandika, ila inaficha." Dakika tano baadaye, programu hiyo hiyo niliyoifichia siri zangu ikaniomba tafadhali niiambie mimi ni nani. Katika umri wa miaka 54, ndani ya nyumba niliyoijenga kwa mkopo!

Utaratibu wenyewe, nakiri, una akili. Ni kama kusafirisha mzigo kwa basi: "git add" ni kuuweka mzigo kando ya gari, "git commit" ni kuandikiwa risiti pamoja na maelezo ya kilichomo, na "git push" ni gari kuondoka kuelekea ghala la mtandaoni. Jambo nisilosamehe ni kwamba ukishaweka mzigo kando ya gari, kisha ukakumbuka kuongeza kilo mbili za dagaa nyumbani, mzigo unaosafiri ni ule wa mwanzo. Mimi niliiweka katiba yenye 5,000, nikakumbuka, nikasahihisha kuwa 10,000, nikaomba risiti, nikasukuma. Ikasafiri 5,000. Niliambiwa baadaye kwamba "git status" ingenionya, na kweli ilinionya, kwa aya nzima ya Kiingereza yenye mstari mwekundu, ambayo niliichukulia kama masharti ya matumizi, yale ambayo hakuna binadamu anayeyasoma.

Binti aliporudi chuoni nilibaki peke yangu, na usiku mmoja nikaandika "git commit" bila kuongeza "-m" na maelezo yake. Dirisha likabadilika. Upande wa kushoto vikajipanga viwimbi kama mafunza waliosimama foleni, na nikajikuta ndani ya Vim, kihariri cha maandishi ambacho kila herufi ya kibodi ni amri mpaka hapo kitakapoamua kuwa ni herufi. Nikaandika "basi". Kikameza "b", kikameza "a", kisha kikaniandikia mbele ya macho yangu: "si". Mimi nasema basi, chenyewe kinasema si. Nilibishana nacho mpaka saa saba usiku, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamwomba Mungu umeme ukatike. Kwa kawaida hukatika bila kuombwa; usiku ule uliwaka kama wa ikulu, mpaka nikachomoa waya mwenyewe. Asubuhi binti alinitumia ujumbe: bonyeza Esc, kisha nukta pacha, kisha q, kisha alama ya mshangao. Alama ya mshangao nilikuwa nayo tangu usiku, ila niliiweka usoni.

Tangu hapo sijaiacha "-m", na maelezo yangu nikayaandika mafupi kwa kuwa nilidhani nayaandikia mashine: "Nimebadilisha." "Nimebadilisha tena." "Umeme umerudi." Usiku mwingine nikapandwa na ushujaa, nikaongeza kifungu kwamba masufuria, viti na turubai vya kikundi vihifadhiwe kwa mhazini, maana sote twajua kuwa vilivyo kwa mwenyekiti huenda kwenye harusi za shemeji zake na kurudi na pilau limegandia chini. Nikakiandikia maelezo yake. Asubuhi ushujaa uliniisha, nikakifuta kifungu, nikaandika "Nimekiondoa", nikanywa chai kwa amani.

Mkutano mkuu ulipokaribia, binti aliona kule chuoni kwamba katiba inasema 5,000, akasahihisha kwa kuandika "shilingi elfu kumi". Mimi huku, bila kujua, nikawa nimesahihisha kwa kuandika "shilingi 10,000". Nilipovuta mabadiliko yake kwa "git pull", mashine ilipiga kelele kwa herufi kubwa kwamba kuna mgongano. Baba na mwana wamekubaliana senti kwa senti, na mashine inasema wamegombana! Nikaona ni tabia yake tu, nikalipeleka faili steshenari na kuchapisha nakala 40.

Chini ya mwembe, mwenyekiti alisoma vizuri mpaka kifungu cha saba. Pale palikuwa na mishale saba ikielekea kushoto, na neno HEAD. Ikafuata shilingi 10,000, ukafuata mstari wa alama za sawasawa, ikafuata shilingi elfu kumi, kisha mishale saba ya kuelekea kulia na mchanganyiko wa tarakimu na herufi zipatazo 40. Mjumbe mmoja mstaafu alifafanua kwamba HEAD ni mkuu wa kaya, kwa hiyo mkuu wa kaya anatoa 10,000, na mkewe anatoa sawasawa na hiyo, jumla 20,000 kwa kila msiba. Kinamama walisimama. Mwingine akauliza kama ile namba ndefu mwishoni ndiyo kumbukumbu namba ya malipo, kama ya kulipia serikalini, na kama sasa hata kufa kumeingizwa kwenye mfumo.

Nilijaribu kueleza kwamba ile mishale ni ya mashine, kwamba ilitakiwa nichague mstari mmoja na kuifuta mingine, kwamba fedha ni ile ile iliyoandikwa mara mbili. Nani atakusikiliza? Ndipo nikafanya kosa ambalo hakuna aliyenilazimisha kulifanya. Nikavuta waya mrefu kutoka kwa jirani mwenye geti, nikawasha kompyuta, nikaiweka juu ya meza ya mhazini mbele ya wajumbe wote, na kutangaza kwamba hapa, ndugu wajumbe, kila badiliko limeandikwa na halifutiki. Nikachapa "git log".

Orodha ikafunguka, jipya juu, la zamani chini. Wakaona tarehe, wakaona jina langu, wakatikisa vichwa kwa heshima. Nikabonyeza kitufe cha nafasi ili washuke zaidi. Likapita "Umeme umerudi", watu wakacheka kidogo. Likapita "Nimekiondoa". Na chini yake, siku hiyo hiyo ya mwezi, saa saba na dakika kumi usiku, yakasimama yale maelezo mengine.

Nikabonyeza Esc. Nikabonyeza nukta pacha, nikabonyeza alama ya mshangao, nikabonyeza kila nilichojua, na ile q moja tupu iliyohitajika ikawa ndiyo pekee isiyonijia. Nikautazama waya, ulikuwa umepita chini ya kiti cha mwenyekiti, naye ameukanyaga kwa kiatu. Akashusha miwani, akainama karibu na kioo, na kusoma taratibu, neno kwa neno, kama anavyosoma majina ya marehemu: "Mwenyekiti... asione... hiki."

Akaniinulia uso, akaniuliza kwa upole kabisa, "Katibu, nisione nini?"