Kabla hamjamuamini rumeti wangu kuhusu ile ishu ya mtindi

Nyie naona wengi mshaipata kwa rumeti wangu, na ninavyomjua atakuwa ashaitia chumvi kilo mbili, eti nilipiga chafya kwenye ndoo ya mtindi ya watu. Uongo. Kwenye ndoo sikupiga chafya. Nilichofanya kinatia aibu kuliko hicho, kwa hiyo bora mkisikie kwangu.

Si mnajua nasoma masters, napima bakteria kwenye mtindi wa mtaani hapa Morogoro. Wauzaji 12, kila mmoja sampuli tatu, jumla 36, nazibeba kwenye deli lenye barafu napanda nalo daladala watoto wananiuliza za ukwaju zipo? Mdudu ninayemtafuta ni Staphylococcus aureus, sisi tunamwita stafu. Akizaliana kwenye chakula anaacha sumu ambayo hata ukichemsha haitoki, mtu anakula saa chache baadaye anakumbatia ndoo. Unamuotesha kwenye aga fulani, yaani jeli ya kuoteshea bakteria, ina kiini cha yai, anatoka kidoa cheusi kinang'aa kina pete angavu pembeni, yaani kama hereni ya dukani.

Sasa wiki ile nilikuwa na mafua. Feni ya maabara imekufa, barakoa inanibana, miwani inaweka ukungu, nikaishusha barakoa kidevuni. Ndiyo, kidevuni, msinitukane bado. Na huku namimina sampuli kwenye pleti huku narekodi voisi noti ndefu ya kumbembeleza mtu, ambaye mpaka leo hajajibu ila hiyo ni mada ya siku nyingine.

Saa 48 zikapita, nafungua inkubeta, pleti zote 36 zimevaa hereni. ZOTE. Mtu mwenye akili angejiuliza, maana kwenye mtindi uliochacha vizuri wale bakteria wanaogandisha maziwa wanamkaba stafu koo, hawezi kujaa hivyo kwa kila muuzaji. Mi kichwa kilikuwa kishafika kwenye kupokea tuzo. Tena nikampigia mama mmoja niliyemzoea, "Shikamoo mama, mtindi wako una tatizo kubwa sana." Akanyamaza kidogo, akasema asante mwanangu, akaenda kumwaga ndoo nzima ya lita 20. Hiyo ndoo tutairudia.

Siku ya seminar. Nimevaa tai. Nimeongea kama waziri, afya ya jamii, hatua za haraka, sijui nini. Prof wangu muda wote kafumba macho, nikajua mzee kalala. Kufika slaidi ya mwisho akafumbua.

"Rudi nyuma moja."

Nikarudi. Ni ile picha ya pleti zote mezani, kapiga rumeti, nzuri kweli.

"Ile ya pembeni kabisa imeandikwa nini?"

Nikaitazama. Wandugu, kuna jasho huwa linaanzia kisogoni, linashuka polepole katikati ya mgongo, likifika kwenye mkanda linatulia kama limefika kituoni. Ndo hilo.

"B, Prof."

"B ni muuzaji gani?"

Kimya. Projekta tu ndo inaunguruma. Nafikiria niseme Bahati, niseme Boma, niseme chochote kinachoanza na B.

"B ni... blanki, Prof." Yaani ile pleti ya kujihakiki, isiyotakiwa kuota kitu.

"Ndani ya blanki uliweka nini?"

"Maji ya peptoni."

"Uliyapika?"

"Ndiyo. Nyuzi 121, dakika 15."

"Mtindi?"

"Haumo."

Akageukia walimu wenzake, sauti ya upole kabisa, "Basi jamani tuna muuzaji wa 13. Maji."

Ukumbi ulicheka mpaka mlinzi akachungulia. Nami nilikuwa nimeiona ile blanki siku ileile, naapa, nikasema itakuwa nimekosea kuandika lebo nikaisogeza pembeni. Pembeni, ila sio nje ya picha!

Nikadhani yameisha. Prof akauliza, "Kijana, siku hiyo ulikuwa unaumwa?" Kabla sijafungua mdomo pua ikajibu yenyewe, nikavuta kamasi mbele ya maiki, srrrruuuf, spika zote mbili.

Hapo ndo yule dada wa mwaka wa kwanza alianguka kwenye kiti. Mnamkumbuka. Ndo wa voisi noti.

Yaliyofuata ni kama mnavyodhani, nikaingizwa swabu puani na fundi wa maabara huku watu wanarekodi, ikaota hereni, plazma ya sungura ikaganda (ndo kipimo cha kuthibitisha stafu), dawa zilizomshinda huyu wa puani ndo zilezile zilizowashinda wa kwenye pleti. Ni wangu. Sampuli 36 narudia zote. Kwa mama nimeenda na hela ya lita 20, sijamaliza hata sentensi akaniuliza, "Kwa hiyo baba, mwenye wadudu ni wewe?" akaita na majirani waje wasikie. Kisha akanifungia tangawizi ya mafua.

Na mdudu mwenyewe hawajamtupa. Kawekwa kwenye gliseroli, yuko friza nyuzi 80 chini ya sifuri, sasa hivi ndo kontroli ya maabara nzima, yaani stafu wa kulinganishia vipimo, lebo yake ina herufi za jina langu. Leo asubuhi fundi kanikuta koridoni kaniambia mwanangu kalala salama.