Wanaobisha Mlango wa City Hall Wajulikane

Kila Mswada wa Fedha wa Kaunti ya Nairobi unapotoka City Hall, makao ya serikali ya kaunti, mjadala ni ule ule: ada ya kuegesha gari, leseni za biashara, kodi ya ardhi. Watu hukasirika, na wana haki ya kukasirika. Ila kufikia hapo mengi huwa yameshaamuliwa. Anayetaka kujua jiji limeweka nini mbele aanzie Septemba 1, siku ya mwisho ya kaunti kuwasilisha Mpango wa Maendeleo wa Mwaka kwenye Bunge la Kaunti. Kisha Februari 28, zamu ya Taarifa ya Mikakati ya Fedha, ile inayoweka kikomo cha pesa za kila idara. Makadirio ya bajeti yanapofika Aprili 30, aliye nje anang'ang'ania mabaki.

Wenye maslahi makubwa wanazijua tarehe hizi kwa moyo. Wenye matatu, wajenzi wa maghorofa, wenye mabango ya matangazo, vyama vya wafanyabiashara: wakisubiri mkutano wa hadhara watakuwa wamechelewa, na hawachelewi. Mimi siwalaumu kwa hilo. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi lake kwa mamlaka ya umma, na MCA, yaani mjumbe wa Bunge la Kaunti, asiyezungumza na wenye matatu atapitisha sheria ya usafiri asiyoielewa. Kinachoniudhi ni giza. Hatujui nani alikutana na mwenyekiti wa kamati gani, lini, wala walizungumzia kifungu kipi.

Jijini New York, anayelipwa kuishawishi serikali ya jiji anapaswa kujisajili kwa karani wa jiji na kusema anamwakilisha nani na kwa jambo gani. San Francisco kazi hiyo inasimamiwa na tume ya maadili, na mwananchi yeyote anaweza kuisoma orodha. Hilo haliwafanyi matajiri wa huko wapungukiwe nguvu, lakini mwandishi wa habari au kikundi cha wapangaji kinajua pa kuanzia. Sisi tuna sheria ya hongo ya 2016. Hiyo inamshika anayetoa kitu kidogo. Anayekunywa chai na MCA na kumwomba afute mstari mmoja kwenye mswada haimgusi, na mstari mmoja unaweza kuwa na thamani kuliko bahasha.

Ajabu ni kwamba kaunti yenyewe inapokwenda kuomba, tunaona kila kitu. Mwaka 2024, Mswada wa Fedha wa serikali kuu ulipoondolewa baada ya maandamano ya vijana, mgao wa kaunti zote wa shilingi bilioni 400.1 ukatakiwa ushuke hadi 380. Baraza la Magavana likapiga kelele, Seneti ikasimama nao, wakavutana na Bunge la Taifa kwa miezi, hatimaye wakakubaliana kwa 387.4. Nani alitaka nini, tulisikia hadharani. Gavana anayedai uwazi huo kwa Hazina ya Taifa anatupa sisi haki ya kumdai vivyo hivyo pale City Hall.

Gharama ya kutosikiliza watu mapema tuliiona Desemba 3, 2018, matatu zilipozuiwa kuingia katikati ya jiji. Asubuhi ile abiria walishushwa Ngara na Muthurwa, wakajaa barabarani kwa miguu: wenye watoto mgongoni, wenye mizigo kichwani, watu wenye ulemavu wakijikokota na mikongojo kuelekea kazini na hospitalini. Haikupita wiki, amri ikasimamishwa. Wale waliotembea hawakuwa na msemaji ofisini kwa gavana. Ilibidi miguu yao iseme.

Sheria imeshafungua mlango ambao wengi wetu hatuupiti. Kila kaunti inatakiwa kuwa na Jukwaa la Bajeti na Uchumi, gavana akiwa mwenyekiti, na ndani yake wawakilishi wa wanataaluma, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya dini. Ni ushawishi halali, wenye viti mezani. Uliza jirani yako kama anamjua anayeketi pale kwa niaba yake.

Ningependa Bunge la Kaunti lipitishe sheria fupi: kila mkutano kati ya MCA au ofisa wa kaunti na mtu anayetaka mswada ubadilishwe uandikwe na kutangazwa kila mwezi. Haitagharimu pesa nyingi. Na haihitaji kumngoja gavana, kwa sababu Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamruhusu mwananchi kuliomba bunge hilo litunge, libadilishe au lifute sheria. Wakati huo huo, mwandikie karani barua ukitaka majina ya wanaokaa kwenye Jukwaa la Bajeti. Sheria ya upatikanaji wa habari ya 2016 inawapa siku 21 za kukujibu.