Matone ya macho: kichupa cha mwezi mzima au vile vya dozi moja?

Siku hizi ukiingia famasi kutafuta matone ya macho utaambiwa chukua yasiyo na kihifadhi, yaani kemikali ya kuua vijidudu ndani ya kichupa, ndo mazuri, halafu ukitajiwa bei unajiuliza nalipia dawa au plastiki. Plastiki nayo unailipia, ndo ukweli.

Kile kichupa cha kawaida cha mililita 5 au 10, kila ukikibonyeza na kuachia kinavuta hewa ya nje, na ncha ikigusa kope vijidudu vimepata njia, kwa hiyo humo wanatia kihifadhi, mara nyingi benzalkoni kloraidi, na bado unaambiwa wiki nne baada ya kufungua tupa hata kama imebaki nusu. Kwa mtu wa kutibu maambukizi ya wiki moja mi sioni tatizo. Tatizo ni mgonjwa wa presha ya macho, huyu anatia kila siku maisha yake yote, pengine dawa mbili tatu, na kinachoua vijidudu kinachubua na uso wa jicho pia, jicho linakauka, linawasha, mwisho anaacha dawa kimyakimya. Huyo mpe vile vichupa vidogo vya dozi moja, visivyo na kihifadhi, sibishi.

Ila navyo vina yake. Kimoja kina kama mililita 0.4, yaani matone karibu kumi, unahitaji mawili, sasa kwa bei ile nani atamwaga yaliyobaki? Watu wanakisimamisha kwenye glasi mpaka jioni, na humo hakuna kihifadhi hata kidogo.

Kibaya zaidi ni kuchanganya, hakuna kihifadhi na kichupa ni kile cha kawaida cha kutumia mara nyingi. Marekani 2023 machozi bandia ya EzriCare, yaliyotengenezwa India, yalikuwa hivyo. CDC, taasisi yao ya kudhibiti magonjwa, ilihesabu wagonjwa 81 wa Pseudomonas sugu, bakteria asiyesikia dawa nyingi, wanne wakafa, wengine waling'olewa jicho. Kiwanda kilikuwa na madhambi mengine, hata upimaji wa vijidudu haukutosha, lakini FDA, mamlaka yao ya dawa, iliitaja na hiyo ya kichupa cha mara nyingi bila kihifadhi cha kutosha, pamoja na kasoro kwenye sili za kuonyesha kama kimeshafunguliwa.

Vipo vichupa vya kutumia mara nyingi bila kihifadhi ila vina vali, tone linatoka ila uchafu haurudi ndani, kwa akili yangu hivyo ndo jibu la presha ya macho. Sema ni vigumu kubonyeza, nimemwona mzee mmoja anakikamua kwa mikono miwili, tone halitoki, akasema dawa imeisha na kumbe ndo kwanza kimefunguliwa.